Shuka Nne za Mwamini

Wanawake wa Rumonge walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeitangaza na wote waliifuata: Mwamini akishuka ziwani na furushi lake la shuka za lopitali, wao walisogeza mabeseni yao. Hawakusema neno baya. Walimsalimu vizuri, wakamwuliza habari za nyumbani, kisha aliyekuwa karibu akaburuta beseni lake hatua kumi kuelekea kusini, wengine wakamfuata, mpaka Mwamini akabaki na ufuko wake mwenyewe, mpana wa kutosha kuswalia Idi. Shuka alizofua zilikuwa zimelaliwa na watu wa kuhara, wa kifua, wa homa, na baadhi yao hawakuamka. Alizichemsha kwanza kwenye pipa kwa javeli, ile dawa kali ya kung'arisha, na sabuni ya mawese, akazisuuza mara tatu, na zikitoka hapo zilikuwa safi kuliko nguo za sikukuu za hao waliomkimbia. Lakini nani wa kumweleza mtu jambo ambalo hataki kulisikia?

Miaka kumi na moja alifanya kazi hiyo. Aliianza Wabelgiji wakiwapo. Uhuru ukaja, bendera ikabadilishwa, waganga wakabadilika, naye akabaki palepale na pipa lake. Hakupoteza shuka hata moja, wala hakupeleka nyumbani kipande cha sabuni ambacho hakupewa. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea Riziki, binti yake wa pekee, baada ya baba yake kufariki. Na kazi hiyohiyo ndiyo iliyomtenga naye. Sharifa, mama wa mume wa Riziki, alimkubali binti. Mikono ya mama hakuikubali.

"Mutoto wako ni mutoto wangu," alimwambia siku ya harusi, tena kwa upole. "Lakini usiingie jikoni, mukwe wangu. Watu watasema."

Siku ile Mwamini alikula pilau ya harusi ya mwanawe kwenye sahani ya bati, peke yake, nyuma ya jiko. Aliimaliza yote, akasema ilikuwa tamu.

Mwezi wa tatu wa mwaka sabini na moja, mwaka mmoja kabla ya ule wa mauaji ambao watu wa ufuko huu mpaka leo hawapendi kuutaja, Barnabe alimwita depo, stoo ya lopitali. Barnabe ndiye aliyekuwa infirmye mkuu, mwuguzi aliyeongoza wengine. Watu waliita mahali pale lopitali, ingawa vilikuwa vitanda kumi na viwili, chumba cha kuzalishia, na kamyoneti moja ya kupeleka wagonjwa Bujumbura. Depo ilijaa maboksi yenye maandishi ya kigeni.

"Amahoro, Mama Riziki. Kaa."

"Nitasimama tu, Mesiye."

Barnabe alifungua boksi, akatoa kitu cheupe kilichokunjwa, akakikunjua mpaka kikafika chini. "Hii iko dra, shuka ya kartasi. Mugonjwa analalia mara moja. Akiondoka, tunatupa mu shimo, tunachoma, na ugonjwa unakufa pamoja nayo. Bulaya wanafanya hivi siku hizi."

Mwamini aliishika kwa vidole viwili. Ilikuwa laini, ila ilichakarika. "Na ile ya mama wa kuzaa?"

"Ile pia."

"Na damu yake?"

"Inachomwa pamoja."

"Damu ya mama wa kuzaa haichomwi, Mesiye. Inafulwa, ao inazikwa."

"Hayo ni mambo ya zamani, mama."

Barnabe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona kwingine watu wakiambukizana kwa shuka zilizofuliwa ovyo, na maboksi yale yalimpa usingizi mtulivu. Alimwambia kwamba shuka zote za nguo zimegawiwa dispanseri za milimani, kwamba mshahara wa mwezi ule atapata, na kwamba baada ya hapo hakutakuwa na cha kufua. Kisha akaona uso wake, akatafuta cha kumpa. Kwenye pembe ya depo kulikuwa na shuka nne zilizotobokatoboka, zilizokwisha kufutwa kwenye hesabu.

"Beba hizi, mama. Ni kado, zawadi yako."

"Murakoze," alishukuru Mwamini.

Alizibeba kichwani mpaka nyumbani, akakaa nazo mapajani mpaka adhuhuri. Aliona uchungu, kisha akaona aibu kwa uchungu wenyewe. Mtu mzima, analilia shuka za wagonjwa?

Alidhani angalau mabeseni yatarudi karibu. Juma lile alishuka ziwani na magauni yake mawili na kikwembe kimoja cha kujifunga, bila furushi, bila harufu ya javeli. Wanawake walimsalimu vizuri, wakamwuliza habari za nyumbani, kisha wakasogea hatua kumi. Sasa hakuwa hata na kazi ya kumfanya asiwaangalie. Alifua magauni yake mawili polepole, akayasuuza mara tatu, akarudi kwenye nyumba ambamo jioni ilisikika sauti yake peke yake akimwomba Mungu.

Shuka zile nne ndizo zilizompa la kufanya. Alizitia viraka, kwa ule ushoni wake mdogo wa kulala upande, kiraka juu ya kiraka, mpaka tundu la mwisho likazibika. Alizichemsha mara moja, akazichemsha ya pili, akazichemsha ya tatu. Riziki alikuwa katika mwezi wa tisa. Hakuna aliyemwomba Mwamini shuka wala chochote, lakini mama hangoji kuombwa.

Huku nyuma, moshi wa shimo la lopitali ulikuwa umezua maneno. Mwanamke mmoja aliyezaa pale aliuliza shuka yake iko wapi, akaonyeshwa moshi. Ikatosha. Damu ya mzazi ikichomwa tumbo linakauka: hilo kila bibi wa Rumonge alilijua, Mwislamu na Mkristo. Kabla mwezi haujaisha chumba cha kuzalishia kikawa kitupu, wanawake wakazalia majumbani, na Barnabe akabaki akijiuliza amekosea wapi.

Ijumaa moja, mvua ikinyesha tangu alfajiri, Asiya aliingia bila kubisha hodi. Asiya alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza mawese, mwanamke aliyekaribishwa kila nyumba na aliyekuwa na sauti ya kuitia wateja wa ng'ambo ya soko.

"Mama Riziki, amuka. Mutoto wako, ni siku ya pili anaumwa. Walikuwa wanaficha. Sasa wamemufikisha lopitali."

Mwamini alichukua zile shuka nne, akazifunga ndani ya mfuko wa plastiki wa mbolea, akatoka bila viatu.

Kutoka chini ya ngazi walimwona Riziki amelazwa barazani kwenye machela, uso umemwiva kwa homa. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka. Shuka ya karatasi aliyotandikiwa ilikuwa imelowa na kukatika vipandevipande, vingine vimemganda mapajani, na kila alipojigeuza kwa uchungu alibaki wazi mbele ya dereva, mbele ya mlinzi, mbele ya foleni nzima ya watu wa malaria. Sharifa alikuwa amevua kikwembe chake cha juu, nacho kilikwisha kujaa maji na damu. Alisimama mbele ya mkamwana wake ametanua mikono ili watu wasione, na huku akibishana na Barnabe.

"Mutoto amekaa mukingamo," Barnabe alisema. "Hapa hapana wa kupasua. Lazima Bujumbura, sasa hivi. Assumani amewasha gari. Tunatandika kartasi ingine, tunaenda."

"Juu ya kartasi haendi."

"Mama, tukikawia atakufa!"

"Na damu yake ikichomwa huko, hatazaa tena. Mutoto wangu Abdul akirudi toka Kalemie nitamwambia nini? Kwamba nilimuchomea uzazi wa bibi yake? Leta nguo."

"Nguo sina! Zote zilikwenda."

"Basi tafuta."

Wanawake wa foleni walitazama chini, kila mmoja ameshika kikwembe chake cha pekee. Hapo ndipo Mwamini alipopanda ngazi ya baraza, maji yakimchuruzika.

"Miye niko na shuka, mukwe wangu. Nne. Nimezichemsha mara tatu."

Sharifa aligeuka. Hakupaza sauti. "Za lopitali?"

"Zilikuwa za lopitali."

"Wangapi walifia juu yake?"

Mwamini angeweza kusema hakuna. Neno lenyewe ni fupi, na uhai wa mwanawe ulikuwa umelala pale. Lakini ulimi wake haukuwa na mazoezi ya uongo.

"Sijui," alisema. "Wengi."

"Umesikia mwenyewe. Mwanamuke wa kuzaa halali juu ya wafu."

Riziki aliita, "Mama!" Wote wawili waliitika. Sharifa ndiye aliyekuwa karibu.

Mwamini alishuka ngazi. Watu walidhani amekasirika, na mmoja akasema taratibu kwamba mwanamke yule hana moyo. Alimvuta Asiya kwa mkono mpaka nyuma ya jiko la wagonjwa, akamtwisha ule mfuko.

"Chukua. Sema ni zako."

"Atazijua, Mama Riziki."

"Atazijua wapi? Hajashika kitu changu hata siku moja. Kimbia, pita kwako, ingia kwa mulango wa mbele kama umetoka nyumbani."

"Na weye? Panda gari nasi. Mutoto wako anaenda, na haijulikani kama..."

"Nikipanda atauliza kwa nini shuka za Asiya zinafuatana na Mwamini. Atazitupa njiani." Alimsukuma begani. "Nenda. Miye nitabaki."

Kutoka nyuma ya ukuta wa jiko aliona yote. Aliona Asiya akiingia mbio, mfuko umebadilishwa, shuka zimeviringwa ndani ya kanga yake inayonukia mawese. Alimwona Sharifa akiipokea ya kwanza, akiinusa, akiinua juu watu waone. "Angalia nguo za mwanamuke musafi!" alisema kwa sauti. "Viraka, lakini safi." Wakatandika mbili chini, moja wakamfunika, ya nne wakaishika kama pazia alipopandishwa kwenye kamyoneti. Riziki alikuwa amestirika kichwa mpaka miguu. Sharifa alipanda upande huu, Asiya upande ule, na Assumani akaondoa gari kuelekea Magara na Bujumbura.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mwamini aliujulia nyuma ya jiko la watu. Hakukimbilia gari. Alisimama hapo mpaka njia za magurudumu zikajaa maji.

Kisha alirudi barazani. Mlinzi alikuwa akikusanya vipande vya karatasi kwa ajili ya shimo, na Mwamini akaviomba. Mlinzi alimpa, nani atagombania vitu vile? Alivipeleka ziwani chini ya mvua, akachuchumaa, akaanza kuvifua. Alijua ni karatasi. Lakini miaka kumi na moja mikono yake ilikuwa haijaacha damu ya mtu iende hivihivi, na hii ilikuwa ya Riziki. Karatasi ilivimba, ikakatika, ikawa uji mwekundu katikati ya vidole vyake, na wimbi dogo likauchukua. Alibaki amefumbata mikono mitupu. Ufukoni hapakuwa na mtu hata mmoja, na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa sababu yake.

Siku ya tatu Assumani alirudi na gari. Mwamini alimsubiri kwenye lango la lopitali.

"Walimupasua, mama. Yuko hai."

"Na mutoto?"

"Mutoto analia."

"Muke ao mume?"

Assumani alijikuna kichwa. "Sikuuliza, mama. Miye ni dereva."

Asiya naye alibaki Bujumbura kumsaidia Sharifa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwuliza. Siku nane zaidi Mwamini aliishi na mjukuu asiye na jina, asiye mume wala mke, anayelia. Siku ya kumi na mbili alisikia vigelegele kutoka ua wa Sharifa: walikuwa wamerudi. Alioga, akavaa gauni lake zuri, akapaka mafuta, akakaa mlangoni ili atakayetumwa kumwita asipate taabu ya kubisha. Vigelegele viliisha. Harufu ya wali ilipita, ikaisha nayo. Alivua gauni, akalikunja, akalala.

Asubuhi Sharifa mwenyewe alikuja, amebeba furushi.

"Hodi, mukwe wangu."

"Karibu. Kaa."

"Sikai. Riziki iko muzima. Mutoto iko muzima, mwanamuke. Tumemwita Zuwena, jina la mama yangu."

"Alhamdulillahi." Mwamini alilirudia jina hilo moyoni mara mbili ili asilisahau. "Naweza kuja kumuona?"

"Arobaini ikipita. Weye unajua kazi yako ilivyo. Mutoto bado muchanga."

"Kazi imekwisha. Wameniondoa."

"Najua, pole. Lakini mikono iko ileile."

Alisema hivyo bila ubaya, na ubaya labda ungeuma kidogo kuliko upole huo. Aliliweka furushi chini. "Hizi ni shuka za Asiya. Bila hizi tungekuwa na kilio sasa. Anazitaka hivihivi, eti atafula mwenyewe, lakini miye siwezi kumurudishia mutu wema wake ukiwa muchafu. Na damu hii siwezi kumupa mutu yeyote tu. Weye ndiye unajua. Usizichanganye na vitu vya lopitali, tafadhali."

Akaweka sarafu kwenye kigoda. Mwamini alizitazama zile pesa za kufulia shuka zake mwenyewe, hakuzikataa. Angezikataa angetakiwa kueleza.

Ziwani, mabeseni yalisogea. Mwamini alifungua furushi, akazitandaza shuka moja moja juu ya maji. Damu ilikuwa imekauka na kuwa kahawia, imepita juu ya viraka vyake vyote. Hakutia javeli. Alilowesha, akaacha, akasugua kwa ncha za vidole. Hii ilikuwa damu ya Riziki, na hii huenda ni ya Zuwena, na kwa namna hiyo, kwa mara ya kwanza, alimshika mjukuu wake. Alichukua muda mrefu kwa shuka tatu.

Katika ya nne, kwenye pindo, aligusa fundo. Lilifungwa mara mbili na kukazwa kwa meno, jinsi alivyomfundisha Riziki kufunga pesa anapotumwa sokoni. Alilifungua. Ndani mlikuwa na pamba, na ndani ya pamba kijiti cheusi, kikavu, kisichozidi kifundo cha kidole kidogo. Kitovu cha mtoto.

Kwenye ufuko huu kitovu kikidondoka, mama wa baba ndiye anayekizika, uani kwake, na hapo ndipo mtoto anapokuwa wa kwao mpaka kufa, hata aende Uvira, hata aende Kigoma. Mwamini hakuwahi kusikia kimepewa mama wa mama. Riziki alijua hivyo vilevile. Na alizijua shuka: mtu haishi miaka kumi na minane karibu na mwanamke anayetia viraka, kisha asiujue ushoni wake kwa kuupapasa, hata akiwa na homa, hata akiwa kwenye gari. Alijua njia nzima ya Bujumbura amelalia kwa nani. Aliyeshindwa kumtuma mtu kumwita mama yake alikuwa ameufunga ujumbe mahali ambapo mtu mmoja tu duniani angefika.

Mwamini alikaa chini ndani ya maji, nguo zikaelea kumzunguka, akalia kwa sauti. Hapakuwa na aliye karibu wa kumwuliza ana nini, na siku hiyo alimshukuru Mungu kwa hatua zile kumi.

Alipofika nyumbani alichimba kwa kisu mbele ya kizingiti, akakizika, akasema jina la Mungu na jina la Zuwena, akashindilia udongo kwa kisigino. Kisha akaanika shuka.

Alikuwa akinyoosha ya nne Sharifa alipoingia uani anahema, ushungi umemteleza. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama juu ya udongo uleule.

"Mukwe wangu, kitovu cha mutoto hakionekani. Riziki anasema hajui, alikuwa na homa. Tumepindua kitanda, tumepindua sanduku. Mu zile shuka hakukuwa na kitu? Mu pindo, mahali?"

Mwamini aliiacha shuka, akafuta mikono kwa gauni, akamtazama usoni.

"Kulikuwa na damu tu, mukwe wangu," alisema. "Nayo imetoka."